Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama Chetu cha Historia, Moshi

Ndugu wanachama,

Nawashukuru mliofika. Waliotuma udhuru nimewasikia, na wasiotuma nimewasikia pia.

Shughuli za kawaida mnazijua: vikao vinne vya kamati, mhadhara wa Aprili, maonyesho ya Septemba, rambirambi mara mbili. Fedha: tupo wanachama 64, waliolipa ada ya shilingi 20,000 ni 23, jumla 460,000. Tumetumia 715,000. Katika pengo hilo, 150,000 zilitoka mfukoni mwangu na 105,000 tunadaiwa na mchapaji wa mabango. Vitabu anavyo mweka hazina.

Sasa niingie kwenye lile linalosemwa pembeni. Ni kweli safari ya Kilwa iliahirishwa na fungu lake likaenda kwenye maonyesho ya ukame na Misri ya kale. Nimeulizwa, tena kwa kejeli, Farao anatuhusu nini watu wa Moshi. Uamuzi ulikuwa wangu, kamati ikauridhia baadaye, na leo ningeamua vilevile.

Mwaka 2000 watafiti wakiongozwa na Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State walitoboa barafu ya mlima wetu huu, Kilimanjaro, na kutoa vipande virefu sita. Ndani yake, kwenye barafu waliyoikadiria kuwa ya miaka 4,000 hivi iliyopita, mna utando wa vumbi, alama ya ukame mkali. Wapo wataalamu wanaobishia umri wa barafu hiyo, na nililisema hilo wazi. Lakini ni katika zama hizo, karibu 2200 KK, ndipo Ufalme wa Kale wa Misri uliposambaratika. Gharika ya Naili hutegemea mvua za nyanda za juu za Ethiopia. Zikipungua, maji na tope havipandi mashambani, na shayiri haivunwi.

Bango la kwanza katibu aliliandika "Ukame Uliwaangusha Mafarao". Nikalikataa, na ndipo maneno yalipoanza. Farao Pepi wa Pili alikaa kitini miongo mingi, huku wakuu wa majimbo wakijijengea nguvu na makaburi ya fahari kwao. Njaa ilikuta nyumba imeshapata ufa. Mmoja wa wakuu hao, Ankhtifi, aliandikisha kaburini kwake Mo'alla, kusini mwa Misri, kwamba kusini huko watu walikula watoto wao, ila kwake hakufa mtu kwa njaa, na kwamba hajazaliwa wa kumfikia. Hapo mwanachama mmoja alinong'ona kuwa mtu wa namna hiyo anamfahamu. Nilisikia.

Syria nako, katika ukame huo, mambo hayakuwa sare: mji wa Tell Leilan ulihamwa wakati huohuo, mji wa Urkesh, ambao hauko mbali, ukaendelea. Na Misri yenyewe iliunganishwa tena na Farao Mentuhotep wa Pili, karne moja na nusu hivi baadaye. Ukame uliwakuta majirani wale wawili wa Syria, mmoja akahama, mwingine akabaki. Kwa hiyo bango likasomeka "Ukame na Mafarao", na gharama ya kulichapa upya imo kwenye lile deni.

Kuhusu mahudhurio. Kwa ajili ya mhadhara niligandisha maji kwenye kopo la rangi, nikanyunyiza vumbi la uani, nikaongeza maji, nikagandisha tena, ili kila mtu auone ule utando kwa macho yake. Siku tatu friza ya nyumbani haikuingia nyama. Saa nane kamili nilikuwa ukumbini. Masika ilikuwa imekolea, na watu tisa walifika saa tisa na nusu, wakakuta beseni la maji machafu. Mhadhara wa ukame ukakwamishwa na mvua!

Mwakani, Mungu akijalia, tutafikiria Kilwa, na pengine jarida dogo, hali ikiruhusu. Kopo jingine nimeshagandisha, lipo kwangu. Anayetaka kuliona aje na risiti ya ada.

Mwenyekiti