Maandishi ya akili bandia na leseni huria: ni nani anayetoa ruhusa?

Mhariri,

Wapo wanaodai kwamba maandishi ya akili bandia hayafai kamwe kuingizwa katika maudhui huria, yaani kazi ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzitumia na kuzisambaza, na wapo wanaosema kwamba, kwa vile hayana mwenyewe, kila mtu ayatumie apendavyo. Naona pande zote mbili zinaliruka swali la msingi: anayeyawekea leseni maandishi hayo ana haki gani ya kutoa ruhusa hiyo?

Leseni za Creative Commons, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, zimesimama juu ya hakimiliki. Mwenye kazi anawaruhusu wengine wainakili na kuisambaza, na katika leseni nyingi waibadilishe pia, mradi wamtaje na, katika baadhi ya leseni, watoe kazi mpya kwa masharti yale yale. Pasipo hakimiliki, hakuna cha kuruhusu wala sharti la kudai. Nchini Marekani, Ofisi ya Hakimiliki ilieleza mwezi Januari 2025 kwamba maelekezo anayoipa mtu mashine hayatoshi, peke yake, kumfanya awe mwandishi wa kinachotoka. Na mwezi Machi mwaka huo mahakama ya rufaa ya huko ikathibitisha, katika shauri la Stephen Thaler, aliyetaka kusajili hakimiliki ya picha iliyotungwa na mashine yake, kwamba mwandishi sharti awe binadamu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988, kinyume chake, ilimtambua kuwa mwandishi wa kazi iliyotungwa na kompyuta yule aliyefanya maandalizi ya kuitunga. Aya ile ile yaweza basi kukosa mwenyewe katika nchi moja na kuwa naye katika nchi nyingine.

Tatizo hilo lina dawa. Tangu mwaka 2009 ipo hati ya Creative Commons iitwayo CC0, ambayo kwayo mtu huachilia haki zote alizonazo, au anazoweza kuwa nazo, kwa kadiri sheria inavyomruhusu. Maandishi yaliyoachiliwa hivyo yanaweza kuchanganywa na kazi zenye leseni ya masharti bila kuvunja sharti lolote. Kukosa hakimiliki, kwa hiyo, si kasoro.

Kinachonisumbua hasa ni asili ya maneno yenyewe. Mifumo ya akili bandia imefunzwa kwa maandishi ya watu, yakiwemo ya Wikipedia, na inajulikana kwamba mara nyingine huvirudisha vifungu neno kwa neno bila kusema vimetoka wapi. Mtu akikichukua kifungu cha namna hiyo na kukitoa kwa leseni kana kwamba ni chake, amemnyang'anya mwandishi wa kwanza kitu cha kwanza alichokiomba, yaani kutajwa. Tena hasara haiishii hapo: leseni hizi hutoa kazi kama ilivyo, bila dhamana yoyote, kwa hiyo mwalimu anayekusanya vifungu hivyo katika kitabu cha wanafunzi wake, kwa nia njema kabisa, ndiye atakayedaiwa siku mwenye kazi akijitokeza. Hilo naliona kuwa dhuluma, kwa sababu maudhui huria yalianzishwa ili mtu kama huyo atumie kazi ya mwenzake bila hofu.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kila anayechangia maandishi ya mashine alazimike kutamka hivyo katika historia ya uhariri, yaani kumbukumbu ya mabadiliko ya ukurasa, aitaje programu aliyoitumia, na sehemu hiyo aiweke chini ya CC0 badala ya leseni inayodai mwandishi. Alichokiandika au kukisanifu upya kwa akili yake mwenyewe ni chake, na anaweza kukipa leseni anayoitaka. (Tafsiri ya mashine ni jambo jingine: kazi ya asili bado ina mwandishi wake, na masharti yake yanaifuata tafsiri hiyo.) Wasimamizi wa mikusanyo ya maudhui huria nao, kabla ya kupokea, wavitafute vifungu vinavyotiliwa shaka katika intaneti, na kisichotamkwa asili yake kirudishwe kwa aliyekileta hadi atakapoieleza.

Wako mwaminifu,
Mchangiaji wa maudhui huria