Safari ya miguu Mlalo hadi Mtae: mwenyeji wa njia alipwe

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wasomaji wenzangu wanaopanga kupanda Usambara likizo ya Juni, na zaidi wale wanaotaka kutembea kwa miguu kutoka Mlalo hadi Mtae. Nimezaliwa Mlalo, nimefundisha shule za msingi miaka 34, na sasa naishi Tanga. Njia hiyo baba yangu aliipita kila mwaka kwenda kumwona dada yake aliyeolewa Mtae. Alikuwa akitoka nyumbani jogoo wa kwanza, viazi vya kuchemsha vikiwa mfukoni.

Juni mwaka jana niliwachukua wajukuu wanne na wazazi wao tuifuate njia ya babu yao. Mwanangu alilipia kila kitu mjini, kwenye kampuni moja ambayo sitaitaja, tukapewa kijana mpole, mwenye adabu. Tulipokuwa Mlalo, hakuwa na la kutuambia. Tulipita chini ya zile nyumba za ghorofa za udongo zenye roshani za mbao asinyanyue hata kidole. Ikabidi mimi ndiye niwaeleze watoto kwamba wamisionari wa Kijerumani wa Bethel walifika hapa mwaka 1891, na kwamba kwenye miteremko ile ile Waingereza walileta mpango wa kulima kwa matuta, kuzuia mmomonyoko wa udongo, mwaka 1946. Mama yangu alilima matuta hayo kwa kulazimishwa. Mpaka anazeeka, ukitaja neno matuta alikuwa anaacha anachofanya na kukutazama.

Hayo tungeyavumilia. Ndani ya msitu wa Shagayu ukungu ulishuka, tukafika njia panda, kijana akachagua kushoto. Tulitembea karibu saa nzima. Mjukuu wangu wa miaka tisa alikuwa na raba mpya, visigino vimechubuka, akawa anatembea amezivua na kuzishika mkononi. Ndipo tukakutana na mama mmoja mtu mzima, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Akatuuliza kwa Kisambaa tunakwenda wapi. Nilipomjibu Mtae, hakusema neno. Aliutua mzigo wake pembeni mwa njia, akageuka na kutangulia. Alituongoza mpaka pale tulipokosea. Njiani alisimama ghafla, akanyoosha mkono kuwazuia watoto: kinyonga mwenye pembe mbili puani alikuwa anavuka, hatua moja, anayumba, hatua nyingine. Tulimsubiri amalize. Watoto hawakumbuki kitu kingine cha siku ile kama wanavyomkumbuka yule kinyonga.

Mtae tuliingia giza limeshatanda. Lile bonde la Mkomazi chini ya genge, milima ya Upare ng'ambo, vyote tulivyowaahidi watoto, hatukuviona. Na yule mama tulimpa shilingi 5,000 iliyopatikana mfukoni mwa mkwe wangu. Fedha zote zilikuwa zimebaki mjini.

Jambo hili linaniuma hadi leo, ndiyo maana naandika. Naiomba halmashauri, Wakala wa Huduma za Misitu na serikali za vijiji wakae pamoja, ofisi ya kijiji cha Mlalo na ya Mtae ziwe na orodha ya wenyeji wanaoijua njia, na bei ibandikwe ukutani. Mgeni alipe kibali cha msitu kwa namba ya malipo ya Serikali, apewe stakabadhi, na ujira wa kuongozwa umfikie anayeongoza. Wapo vijana kule waliokuwa wakichunga ng'ombe kandokando ya msitu ule tangu wana miaka saba. Wapo na wanawake, na sioni kwa nini wasiongoze.

Kwa anayepanga sasa: anzia Mlalo, siyo Mtae, ili mandhari ya bondeni iwe zawadi ya jioni. Toka saa 12 asubuhi. Lala Mtae, maana mabasi ya kurudi Lushoto yanaondoka alfajiri kabla hakujapambazuka, na usiku Juni kule ni baridi ya sweta mbili. Masika usijaribu na watoto. Udongo ule mwekundu ukilowa haushikiki. Viatu viwe vya zamani.

Sisi tunarudi Juni hii. Safari hii nimempata kijana wa Mtae mwenyewe, tumeelewana kwa simu, nusu ya ujira nimeshamtumia. Nilimsimulia habari za yule mama wa majani, akaniambia anamfahamu, nyumba yake ni ya tatu ukitoka msituni. Nimemnunulia doti ya kanga.

Mwalimu mstaafu,
Tanga