Barua kwa mwanangu anayeuza khanga mtandaoni

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimenifikia, marahaba. Sisi huku Tanga hatujambo, na baba yako anakusalimu sana. Umeniandikia kwamba ukurasa wako wa Instagram umepata wafuasi wengi kuliko ulivyotarajia lakini mauzo hayapandi, ukaniuliza kama uanze kulipia matangazo au uachane na biashara hiyo utafute ajira. Niliona swali hilo ni kubwa mno kwa ujumbe wa sauti, ndiyo maana nimekaa chini kukuandikia.

Nilipokuwa nauza khanga dukani, mteja aliishika, akaikunjua, akasoma jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake, akageuza upande wa pili kuangalia kama rangi imepenya, kisha akauliza kama inachuja, na yote hayo aliyafanya kabla hajafungua pochi. Wewe unamtaka mtu aliyeko Sumbawanga, asiyewahi kukuona, atume fedha kwanza ndipo mzigo upande basi. Tena mtu huyo anaishi katika nchi ambayo takribani kila mwenye simu amewahi kuletewa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" na mtu asiyemjua. Kwa hiyo anapokuuliza kwa mara ya tatu duka lako liko wapi, usimwite msumbufu, maana anakupima na ana haki ya kukupima. Kazi uliyo nayo kabla ya matangazo yoyote ni kuwa mtu ambaye mgeni anaweza kumtumia fedha zake kabla ya kuuona mzigo, na huko ndiko kukua ninakokujua mimi, kwa sababu hakuna anayeaminiwa hivyo bila kwanza kujirekebisha tabia.

Nimezipitia picha zako moja baada ya nyingine. Nyingi zinamwonyesha binti mrembo aliyejifunga khanga kiunoni, nazo zinapendeza, ila jina halisomeki hata katika moja. Mwanamke wa Pwani hanunui khanga asiyojua inasema nini, kwani huenda anampelekea wifi yake, na jina likikosewa ni ugomvi wa mwaka mzima. Itandaze doti nzima, vipande vyote viwili, pindo la pembeni na mji wa katikati vionekane, jina lisomeke, na picha uipige mchana karibu na dirisha. Kisha chovya ncha moja katika bakuli la maji, uikamue juu ya kitambaa cheupe, na tukio hilo ulirekodi bila kulikatakata. Kama khanga inachuja, sema inachuja na uipunguze bei, au usiiuze kabisa. Wapo watakaokwambia kwamba ukweli wa namna hiyo unafukuza wateja. Nami nakwambia unawafukuza wale ambao wangekurudishia mzigo wiki inayofuata.

Jambo jingine linaloniudhi ni hilo jibu lako la "njoo inbox" kila mtu anapouliza bei. Najua wenzako wengi hufanya hivyo, wengine kwa kuogopa washindani, wengine kwa kutaka kumpima mteja uwezo wake. Lakini mshindani wako pale Kariakoo anaijua bei yako kabla hujaamka, maana mnachukua mzigo kwa mfanyabiashara yuleyule wa jumla; anayefichwa ni mteja peke yake. Andika bei ya doti waziwazi, andika nauli ya mzigo kwa kila mkoa unaotuma, na ueleze kama kukata na kupinda ni bure au kunalipiwa. Mzigo ukishapakiwa, mtumie mteja picha ya risiti, namba ya basi na saa ambayo basi linatarajiwa kufika, na kama kuna kuchelewa, awe amesikia kutoka kwako kabla hajaanza kukutafuta.

Sasa nije kwenye hao wafuasi. Bila shaka unakumbuka tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika kwa takribani saa sita, na unakumbuka Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, intaneti nchini ikawa ya kusuasua. Siku kama hizo, mwenye majina na namba za wateja wake kwenye daftari anapiga simu za kawaida na biashara inaendelea, ilhali mwenye wafuasi peke yao anabaki kusubiri. Ukurasa ni fremu ya kupanga, na mwenye nyumba wako hata hakufahamu kwa jina. Nunua daftari gumu, uandike kila aliyewahi kununua, mji wake, alichochukua na tarehe, halafu kila mzigo mpya ukiingia waarifu kwanza hao, isipokuwa wale waliokwambia hawataki kuarifiwa. Na ile desturi ya kubandika picha za miamala yenye majina na namba za watu ili kuonyesha kwamba unauza, iache leo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na hata kama isingekuwepo, mtu hakukupa namba yake ili uitangaze.

Kuhusu kulipia matangazo, tupige hesabu kwanza. Tuseme doti umeinunua kwa shilingi 12,000 ukaiuza kwa 16,000. Ukitoa mfuko, bodaboda ya kupeleka mzigo stendi ya Magufuli, makato ya kutoa fedha na kifurushi cha intaneti, tuseme vyote vimekula 2,500, unabaki na 1,500 ambayo hujajilipa humo hata senti. Tangazo litalipwa kutoka wapi? Subiri mpaka uone katika daftari lako kwamba walionunua mara moja wanarudi, maana tangazo huwaleta watu mlangoni tu, na wakikuta picha isiyosomeka na bei iliyofichwa wataondoka kama walivyoondoka hao wengine. Wakati huohuo tenganisha fedha: Lipa Namba iwe ya biashara, namba yako binafsi iwe ya chakula na nauli. Jina la biashara lisajili BRELA, na TIN, namba ya mlipa kodi, uichukue TRA mapema, usingoje kukumbushwa.

Nimesikia pia habari ya yule anayewauzia kozi ya kutajirika mtandaoni huku akipiga picha kando ya magari. Wewe ulikuwa mdogo mwaka 2009, wakati wa sakata la DECI, watu wazima wenye akili zao walipokuwa "wakipanda mbegu" ili wavune fedha za waliokuja nyuma yao. Muulize mwalimu wako swali moja tu, kwamba mbali na kozi yenyewe, anauza nini?

Ajira itafute, wala usione haya. Mshahara utakulipia kodi ya chumba, na mtaji wako utapumzika kuliwa. Nitakachokukataza ni kulala na simu mkononi ukihesabu mauzo ya wenzako. Weka saa za kujibu wateja, uzitangaze, na zikiisha uizime.

Limebaki la ndugu. Shangazi yako anataka doti mbili za harusi, naye ameshaniambia atalipa akishapata. Mali kauli mpe mteja ambaye daftari linaonyesha hulipa, na shangazi yako kwenye daftari bado hayumo. Mtajie bei, umwongezee nauli ya basi la Tanga, umtumie Lipa Namba. Akinuna, mwambie ni mimi niliyekuagiza, na doti yangu mimi nitailipia kesho asubuhi kwa bei hiyohiyo.

Wako,
Mama