Akina mama wa Mwaloni, acheni kuwabana watoto pua

Mwangaluka wanangu,

Nawaandikia ninyi mnaouza dagaa Mwaloni Kirumba hapa Mwanza, na wenzenu wa Igombe na Kayenze, pamoja na mabinti mnaowaachia watoto. Mtoto akikataa dawa, bado nyumba nyingi zinamlaza chali: mmoja anashika miguu, mwingine anambana pua ili afungue mdomo, dawa inamiminwa. Acheni. Mtoto aliyebanwa pua anavuta hewa kwa mdomo ule ule uliojaa dawa, na dawa inafuata njia ya hewa. Mmeanza na homa, mnaishia na mapafu. Na kesho yake akiona kikombe tu, anakaza fizi.

Mpakate, kichwa kiegemee kwenye kiwiko chako, kiwe juu kuliko tumbo. Mkono wake mmoja upite nyuma ya mgongo wako, wa pili uushike wewe. Akipigapiga, mviringishe kanga. Nunua duka la dawa bomba la ml 5, bila sindano yake. Ncha iingie pembeni, kati ya fizi na shavu. Ukielekeza kooni atatapika. Sukuma nusu ml, isizidi ml 1, ngoja uone koo limecheza, ndipo usukume tena. Akilia, simama kwanza, maana anayelia anavuta pumzi kwa nguvu. Kichanga anayeshikilia dawa mdomoni mpulizie usoni kidogo, mara nyingi atameza. Bomba likiisha, mpe ziwa.

Kijiko cha chai msikitumie kupimia. Vijiko vyetu havilingani, na tofauti ya ml 2 kwa mtoto wa kilo 6 si jambo dogo.

Sasa dawa mseto, kwa sababu huku ziwani malaria haituachi. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 anapewa kidonge kimoja kila mara, mara 6 kwa siku 3. Kile cha watoto kinayeyuka: weka kwenye kikombe chenye ml 10 za maji safi, koroga, mpe. Kisha tazama chini ya kikombe. Ule unga wa manjano uliobaki ni dawa. Suuza kwa maji mengine kidogo, mpe nayo. Dawa hii inataka mafuta ili iingie vizuri mwilini, kwa hiyo isikutane na tumbo tupu: maziwa ya mama yanatosha, na mkubwa kidogo apate uji wa karanga.

Wengi mnakosea dozi ya pili. Inatolewa saa 8 baada ya ya kwanza. Ukianza saa mbili usiku, ya pili ni saa kumi alfajiri, ndiyo saa mnayoshuka mwaloni. Mpe kabla hujajitwisha beseni. Ya tatu ni saa mbili usiku huo, halafu asubuhi na usiku mpaka zitimie 6. Homa ikishuka siku ya pili msiweke vidonge akiba kwa ajili ya mdogo wake.

Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi nzima, kisha rudi ulikopewa uongezewe kidonge, maana pakiti sasa imepungua. Akitema sehemu tu, usibahatishe kujazia, uliza.

Dawa ya unga ya kuchanganya na maji kwenye chupa, kama amoksilini, mnaiharibu kwa povu. Maji yawe yamechemshwa na kupoa, ya ziwa au ya bomba. Tia nusu, tikisa, acha povu litulie, ndipo ujaze hadi kwenye alama. Ukijaza juu ya povu, maji yanakuwa pungufu na dawa inakuwa kali. Tikisa kila unapompa. Soma pia ubavuni mwa chupa: kuna ya mg 125 kwa ml 5 na ya mg 250 kwa ml 5. Chupa ya jirani inaweza kuwa na nguvu mara mbili ya yako.

Kuchanganya na chakula kunaruhusiwa kwa dawa nyingi, ila muulize aliyekupa. Tumia kijiko kimoja cha ndizi mbivu iliyopondwa au uji. Ukimwagia bakuli zima akaacha robo, hujui amekunywa kiasi gani. Asali msimpe aliye chini ya mwaka mmoja hata kidogo, inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli.

Wa miaka miwili na kuendelea ana akili zake. Mwambie ni dawa na ni chungu, mwache achague kikombe cha bluu au chekundu, aonje embe baadaye. Msimwambie ni pipi. Siku atakayoifikia chupa peke yake ataimaliza.

Anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya, anayelegea au aliyepata degedege, huyo msihangaike naye na bomba. Msimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbizeni kituo cha afya, usiku uwe usiku, na mchukue pakiti ya dawa aliyokuwa anakunywa.

Bibi yenu, Igogo