Asilimia 87 mliyotuuzia iko wapi?

Chwaka, Unguja

Meneja wa Mauzo,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAPEZI YA KAYAKI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tulinunua kwenu kayaki za pedali zinazosukumwa na mapezi mawili chini ya tumbo badala ya rafadha. Tunapeleka wageni kwenye mikoko ya Ghuba ya Chwaka, na huko nyasi bahari hujisokota kwenye rafadha mpaka mtu ashuke azikate kwa kisu. Kwa hilo hatuna neno, mapezi hayanasi.

Tunacholalamikia ni msukumo. Kipeperushi chenu kinatangaza “ufanisi wa asilimia 87”, yaani sehemu ya nguvu ya mpigaji inayogeuka kuwa msukumo. Namba hiyo tunajua ilikotoka: ni majaribio ya chuo kikuu cha MIT, Marekani, yaliyochapishwa mwaka 1998 na watafiti Anderson, Triantafyllou na wenzao. Waliipata kwenye tangi, kwa bawa lililoendeshwa na mota na kugeuzwa pembe kwa wakati wake katika kila pigo, nayo ilikuwa kilele chao, si wastani. Kuibandika kwenye bidhaa yenu ni kutuuzia mbuzi kwenye gunia.

Chukueni idadi ya mapigo kwa sekunde, zidisheni kwa upana wa pigo, gawanyeni kwa mwendo wa chombo. Hiyo ndiyo namba ya Strouhal. Pezi husukuma vizuri ikiwa kati ya 0.2 na 0.4, na samaki na pomboo huogelea humo humo. Sisi tulipima bahari ikiwa shwari: pigo moja kwa sekunde, ncha ya pezi ikifagia sentimita 50, kayaki ikienda sentimita 80 kwa sekunde. Inakuja 0.6 na ushei. Mgeni anatoka jasho, chombo kinajikokota.

Chanzo tunakiona. Hata namba ya Strouhal ikiwa 0.3, katikati ya pigo maji huijia ncha kwa pembe ya nyuzi 43 hivi, kwa hiyo pezi halina budi kujipinda ili kati yake na maji hayo zibaki nyuzi ishirini tu au pungufu. Mapezi yenu ni plastiki ngumu. Ukishika ukingo wa nyuma ukauvuta kwa nguvu zako zote, haupindi hata nyuzi kumi. Pezi lisipojipinda, maji yanabanduka kwenye ukingo wa mbele, na badala ya mkondo wa kwenda nyuma unapata maji yanayojizungukia ovyo ubavuni. Na ajabu, pezi la kwenye picha yenu limejipinda vizuri kabisa! Hilo hamkutuletea.

Fundi wenu alitujibu kwenye simu kwamba wageni wetu hawajui kupiga pedali. Vijana wa hapa, wavuvi, wamezijaribu. Mambo ni yale yale.

Tunataka mapezi laini kama ya pichani, kwa gharama zenu, au fedha zetu zirudi. Ile 87 iondoeni kwenye kipeperushi, muweke mlichopima wenyewe kwenye kayaki yenu. Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Msimamizi wa Safari za Mikokoni