Tuzienzi hadithi wanazotunga watoto

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwapongeze walimu wa shule za msingi wanaotenga siku maalumu ili wanafunzi wasome hadithi walizozitunga wenyewe mbele ya wazazi na wenzao. Katika hafla moja ya aina hiyo, mwanafunzi wa darasa la nne alitusomea kisa cha mvua iliyopotea njia ikaona haya kuuliza, na ukumbi mzima, wakiwemo watoto ambao kwa kawaida hawatulii, ukawa kimya hadi alipofunga daftari lake.

Mtoto anayetunga hadithi hulazimika kuamua nani asimulie, tukio lipi litangulie na lipi lifichwe hadi mwisho, na kwa kufanya hivyo hujifunza viunganishi, nyakati za vitenzi na uakifishaji kwa sababu anavihitaji, si kwa sababu vitatahiniwa. Ndiyo maana nasikitika ninapoona insha zilizojaa tamathali za kukariri, ambamo kila jua huchomoza kwa namna ileile, zikipewa alama za juu kuliko kazi yenye makosa ya tahajia lakini yenye wazo la mtoto mwenyewe. Tahajia inaweza kusahihishwa katika rasimu ya pili.

Nawasihi walimu wakuu wazijalidi hadithi hizo, hata kwa uzi na karatasi ngumu, waziweke maktabani pamoja na vitabu vingine, na wawaruhusu wanafunzi kuziazima. Nawe Mhariri, ukiweza, watengee watoto safu katika gazeti hili.

Mzazi na msomaji wako