Hema lisipigwe juu ya mayai ya kasa

Mhariri,

Likizo ya Juni ikikaribia, wengi huulizia kupiga hema Saadani, hifadhi pekee ya taifa nchini inayogusa Bahari ya Hindi. Waende. Ila wasikae pale wanapopapenda zaidi, kwenye mchanga mkavu kati ya alama ya maji na vichaka.

Mgeni hufika saa 6 mchana, ufuo bado mpana. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama au kupevuka na siku mbili tatu zinazofuata, maji hujaa saa 10 au 11, alfajiri na jioni, yakipanda zaidi ya mita 3 kutoka yalipokupwa. Atazame mstari wa juu kabisa wa mwani mkavu. Ile ya chini ni ya maji mafu, yaani siku ambazo maji hayapandi sana, isimdanganye. Anayelijua hilo husogea juu kidogo ya mstari, akidhani mambo yamekwisha. Kumbe hapo ndipo kasa hutaga: mayai 100 na zaidi, shimo la nusu mita hivi, takriban miezi miwili bila dalili yoyote juu. Moto wa kuni huweza kuyadhuru, magurudumu huugandamiza mchanga vitoto vishindwe kutoka.

Basi hema likae nyuma ya vichaka, kwenye eneo lililotengwa na TANAPA. Vigingi vifupi hung'oka mchangani kusi inapovuma. Fukia mfuko uliojaa mchanga, kina cha kiwiko, kamba ukiifunga katikati yake. Matunda yasilale hemani, tembo huyanusa.

Taa nyeupe ndiyo mbaya kuliko vyote. Vitoto hutoka usiku vikifuata upande wenye mwanga, ambao kwa kawaida ni baharini. Taa ya kambi huvivuta nchi kavu, kaa wakavila au jua likavikausha. Tumieni taa nyekundu, ielekezwe chini. Kasa jike akiona mwanga au watu wakitembea wakati anapanda ufuo, hugeuka bila kutaga. Subirini aanze kudondosha mayai, ndipo msogee kwa nyuma, bila kupiga picha za mwako, mkiwa na askari wa hifadhi, kwani simba nao hupita ufuoni.

Gazeti lako huchapa hali ya hewa. Tunaomba liongeze saa za maji kujaa, na siku za bamvua ziwekwe wazi.

Waongoza watalii,
Bagamoyo